Majembe Yanarudi Bujora

Kilichonifanya mimi, Mfipa wa Nsemulwa, kusafiri na kikundi cha ngoma cha Wasukuma hadi Bujora ni fedha. Fedha walikuwa nazo. Walichokosa ni mtu wa kuzishika. Kila jina lililotajwa lilikuwa na shemeji ndani ya kikundi, na kila shemeji alikuwa na la kusema. Mwishowe ningi, ndiye mtunzi na mwongoza nyimbo, akaamua atafutwe mtu asiye na ukoo pale, anayejua kuandika na asiyecheza. Mimi nafundisha hesabu shule ya msingi, na habari za kucheza kwangu zinajulikana mtaa mzima. Nikapewa daftari, mkoba wa kufunga kiunoni na cheo cha mweka hazina.

Nsemulwa ni kata ya mjini Mpanda, na mtu akitembea jioni atasikia Kiswahili chenye lafudhi zote: Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, sisi Wafipa tuliopanda kutoka Sumbawanga, Waha wa Kigoma. Na Wasukuma. Mkoa wa Katavi wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini Wasukuma walikuwa wameshafika na ng'ombe wao miaka mingi kabla, wakifuata malisho na mashamba mapya. Wenyeji tumewanung'unikia kwa mengi, misitu na mifugo ikiwa mbele, na wao wametunung'unikia kwa uvivu. Kikundi nilichopewa kukihesabia senti kinatoka Kakese, kwenye mpunga. Kiangazi kikiingia na magunia yakishakaa ghalani, jembe linakosa kazi ya shambani, na hapo ndipo linapoanza kazi yake ya pili.

Maana ngoma yao ni ya majembe. Bugobogobo ilianzia shambani: watu wanajipanga mstari, ngoma zinapigwa nyuma yao, na majembe yanashuka kwa pamoja. Tajiri wa pamba wa zamani alikodi kikundi kama hicho, akapata shamba lililolimwa na burudani juu yake. Siku hizi uwanjani hakuna kinacholimwa. Jembe linarushwa hewani, linazunguka, linadakwa kwa mpini, linapitishwa chini ya mguu, na mchezaji hakosi hata pigo moja. Nimeona mama mwenye wajukuu akifanya hivyo huku anamsalimia mtu.

Safari yetu ilikuwa ya kurudi. Kikundi kiliwahi kucheza Bujora, wakati wa ningi aliyetangulia, ambaye sasa ni marehemu. Baada ya hapo ikaja miaka ya ukame, ya harusi, ya kesi za mipaka, ya kukosa nauli. Vijana wengi waliokuwa wakisafiri sasa hawakuwa wamewahi kukanyaga Mwanza. Wamezaliwa Katavi, Usukumani wanakujua kwa nyimbo.

Bujora iko karibu na Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza kwa barabara ya Musoma, na sherehe yake inaitwa Bulabo. Huangukia mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, na hapo ndipo makundi ya ngoma ya Usukumani hukutana kushindana kwa siku kadhaa. Wanaofuatilia muziki wa Afrika Mashariki wanaijua Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004 pale Ngome Kongwe, au Nyege Nyege ya kule Jinja, Uganda. Huko msanii anaomba nafasi, waandaaji wanachagua, ratiba inachapishwa, taa zinawashwa. Ulaya nako bendi zao husubiri jua la Juni na Julai ndipo zitoke viwanjani. Bulabo nayo ina msimu wake, ila saa yake ni mavuno. Na ina kitu kingine ambacho, kwa maoni yangu, waandaaji wa matamasha makubwa wangekiogopa.

Ngoma ya Wasukuma haina mwamuzi. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili: Bagika, waliochukua jina la mwanzilishi wao Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha. Makundi mawili, moja la kila upande, yanaingia uwanjani kwa wakati mmoja. Kila moja lina duara lake, na yote mawili yanapiga. Anayechoshwa huku anavuka kwenda kule. Mwisho wa mchezo mshindi ni mwenye umati mkubwa, wala halihitajiki tangazo, kwa sababu anayeshindwa anaona migongo.

Kwa mtu wa hesabu, huo ni mtihani usio na uwezekano wa kuiba.

Tuliondoka kwa treni. Reli ya Mpanda ni tawi linaloachana na reli ya kati pale Kaliua, kilomita zipatazo 210. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa tamaa ya madini ya risasi. Madini yaliisha hamu, reli ikabaki, na mji ukabaki pamoja nayo. Sisi tulikuwa na ngoma kubwa nne, ndogo kadhaa, magunia mawili ya njuga na mavazi, na majembe yaliyofungwa kwa kamba za katani kama kuni. Karani wa mizigo alitaka kujua majembe hayo tunakwenda kulima wapi mwezi Juni. "Tunakwenda kulima watu," akajibiwa na mama mmoja, nami nikalipia.

Katumba treni ikasimama, akapanda kijana mwenye begi dogo na vijiti viwili vya kupigia ngoma. Katumba ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na wengi wa wazee hao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Kijana huyu amezaliwa huko. Alianza kwa kukodiwa kupalilia Kakese, akasikia ngoma jioni, akaomba ajaribu. Hajui Kisukuma zaidi ya salamu. Alipofika kwenye behewa letu akatamka "mwadila" kwa adabu kwa kila mzee, mmoja mmoja, na wazee wakamjibu wakimsogezea nafasi.

Ugomvi ulianza usiku, baada ya mto Ugalla, mbung'o walipokwisha kutuchoka na asali ya stesheni ilipokwisha kununuliwa. Vijana, ambao ungedhani wangetaka mapya, walikuwa wanadai kikundi kifungue kwa wimbo wa marehemu ningi, ule uliokipatia jina kikundi. Watu watauitikia, walisema, watakumbuka. Ningi mpya alikuwa na wimbo wake wa Mpanda. Unaeleza watu walioondoka na ng'ombe, wakakuta pori, wakaligeuza mpunga. Unaeleza mto Katuma unavyokauka kiangazi hadi viboko wanabanana kwenye tope kama magunia. Unataja vijiji kimoja kimoja.

"Bujora nani anajua Katuma?" kijana mmoja akauliza.

"Ndiyo maana nauimba," ningi akasema.

"Baba, watu watavuka."

"Wavuke. Wakishavuka watajua wamevuka kutoka wapi."

Hoja hiyo sikuielewa, na nadhani hata yeye alikuwa amesinzia nusu. Lakini ni ugomvi wa kila bendi inayorudi jukwaani baada ya kimya kirefu. Msikilizaji anataka ile aliyoipendea ujana wake, mwanamuziki anataka kuthibitisha kwamba hakuwa amelala. Tabora, tulikoshuka alfajiri, ni mji unaojua jambo hilo. Hapo ndipo Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilipigiana vifua enzi za dansi. Shem Karenga wa Tabora Jazz alifika uzeeni huko Dar es Salaam akiwa bado anaombwa "Dada Asha" kila alikopanda. Hapo pia ndipo Mzee Mwinamila alipoongoza Hiari ya Moyo yake, ngoma ya Kinyamwezi iliyomfuata Mwalimu Nyerere kwenye mikutano na sherehe za taifa. Muuza chai wa stesheni alipoona ngoma zetu alitaja majina hayo yote kwa mpigo mmoja, kisha akatuuliza sisi ni nani. Ningi akamwambia. Muuza chai akasema "aha", sauti ya mtu asiyejua.

Kutoka Tabora tulikodi Coaster. Njia ya Nzega, Tinde na Shinyanga sina la kuisifia zaidi ya lami yake. Maganzo wauzaji wa karanga walikuwa wakali zaidi ya karanga zao. Tulipokaribia Mwanza, pale Usagara, dereva akashika barabara ya mchepuko inayotokea Kisesa, na vijana wakaanza kubandika pua vioo. Mawe. Hayo ndiyo waliyokuwa wameambiwa na mabibi zao, mawe makubwa yaliyopandana bila mtu kuyapanga, na sasa walikuwa wanayaona. Mmoja akasema ni madogo kuliko alivyofikiri. Bibi aliyemsimulia hakuwepo, kwa bahati yake.

Bujora yenyewe ipo kilimani, katikati ya mawe hayo. Parokia hii ilijengwa na padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, aliyekuwa na msimamo wa ajabu kwa miaka ya 1950: kwamba Msukuma anaweza kuingia kanisani pamoja na ngoma yake. Kanisa ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kando yake ni Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1968. Jengo linalohifadhi ngoma za watemi limepewa umbo la kigoda cha mtemi. Kuna banda la wacheza ngoma, lenye mambo ya Bagika na Bagalu, kuna nyumba ya mhunzi, kuna ya mganga. Mimi nilisimama sana mbele ya ngazi zinazoonyesha jinsi marika mbalimbali ya Wasukuma yalivyokuwa na namna zao za kuhesabu moja hadi kumi, kila rika na maneno yake. Nimefundisha watoto kuhesabu kwa miaka, nikidhani moja ni moja.

Usiku ule, kabla ya mchezo, ningi alinijia na ombi la fedha. Alihitaji kiasi fulani cha kumpa mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya uzio na kifuko. Wasukuma wana dawa ya ngoma, samba, inayowekwa ili umati uvutwe na wachezaji wasichoke, na kila kundi, liseme lisiseme, lina mtu wake. Nilimuuliza niiandike vipi kwenye daftari la safari ya sikukuu ya Ekaristi. Akafikiri. Nikaandika "mengineyo".

Asubuhi kulikuwa na misa, na maandamano ya Ekaristi yakapita kati ya maua na kanga, ngoma zikiwa mbele. Kwaya ya vijana iliimba vizuri sana na hakuna aliyewahi kuniambia Bujora ina kwaya ya namna hiyo. Kisha chakula. Kisha, jua likiwa limeshaanza kuelemea, uwanja ukasafishwa.

Sisi ni Bagika. Mchezo wetu wa kwanza tulipangiwa Bagalu kutoka upande wa Magu. Ningi akawakubalia vijana, tukafungua kwa wimbo wa marehemu. Watu wakaja. Wazee hasa, na mmoja wao aliimba kiitikio huku amefumba macho. Majembe yakapaa, njuga zikaitikia, na kwa muda nilihesabu kichwa kimoja kimoja upande wetu nikaona tunazidi. Halafu upande wa pili zikasikika kelele za wanawake, zile za hofu zenye kicheko ndani. Bagalu walikuwa wamefungua boksi. Akatoka chatu.

Nimesoma baadaye kwamba wacheza na nyoka ni chama cha zamani Usukumani, kwamba wana elimu yao ya dawa za sumu, na kwamba kumleta nyoka kwenye mchezo ni mbinu ya siku nyingi, sawa na sanamu za mti ambazo makundi yalizichezesha uwanjani kuvuta macho. Wakati ule sikuwa nafikiria elimu. Niliona mchezaji wao amemzungusha chatu shingoni, anamlaza chini, anamng'ata kwa mzaha, na duara letu likamwagika kama maji ya ndoo iliyopigwa teke. Watoto walikimbia kwanza, vijana wenye simu wakafuata, wakiwa wameinua mikono juu ili wasipitwe na picha. Yule mzee wa kiitikio alifumbua macho akajikuta peke yake. Akasimama kidogo kwa heshima. Naye akaenda.

Wachezaji wetu hawakuacha kucheza. Hilo nalisema kwa sababu nimeona watu wakiacha. Mama yule wa jembe aliendelea kurusha na kudaka mbele ya watu wachache, wengi wao wakiwa wamefungiwa na mlango wa banda, akitabasamu kama ameitwa kwenye harusi.

Jioni kikundi kilikaa chini ya mti na kila mtu alikuwa na maelezo. Dawa ilikuwa ya zamani. Wimbo ulikuwa mrefu. Mweka hazina alikuwa Mfipa. Kijana wa Katumba ndiye aliyekuwa kimya, mpaka ningi akamuuliza kwao wangefanya nini. Akasema kwao mpiga ngoma hakai nyuma ya wachezaji. Anasimama mbele, na ngoma ndiyo inayotazamwa.

Ningi hakujibu. Asubuhi akaamuru ngoma zipelekwe katikati ya duara na majembe yazunguke nje.

Mchezo wa pili, siku nyingine, dhidi ya kundi jingine la Bagalu, ulianza bila wimbo wowote. Kijana aliingia na vijiti vyake, akapiga pigo la bugobogobo kama alivyofundishwa Kakese, zito, la jembe kugota udongo. Kisha akaanza kuruka. Anaruka juu, anashuka na pigo, anavigonga vijiti ubavuni mwa ngoma, anazunguka, na pigo la jembe bado liko pale pale chini, linashikiliwa na wale wapigaji wengine watatu. Waliokuwa wanapita wakasimama. Mzee mmoja akaniuliza kwa hasira kidogo hiyo ni ngoma ya wapi. Nikamwambia ya Mpanda. "Mpanda kuna ngoma kama hiyo?" Nikamwambia tangu juzi ipo.

Umati ulipokuwa umejaa, ningi akaingia na wimbo wake wa Katuma.

Vijana walikuwa wamemwonya kwamba watu watavuka. Hawakuvuka. Waliacha kushangilia, na mimi nikadhani mambo yameharibika, kwa sababu Kisukuma changu ni cha sokoni na sikufuatilia maneno. Nilichoona ni mwanamke mmoja kushika mkono wa mwenzake alipotajwa Kakese. Ikatajwa Mishamo, ikatajwa Mlele, na kila kijiji kilipotajwa kulikuwa na mahali fulani kwenye umati palipotikisika. Hakuna ukoo pale usio na mtu aliyeondoka na ng'ombe kwenda kusini. Walimwona akipanda lori au akichunga kwa miguu, wakapata simu moja au mbili, kisha namba ikabadilika.

Tulishinda mchezo ule, na lilikuwa jambo dogo. Ngoma zilipokoma, watu badala ya kutawanyika waliingia ndani ya duara. Mnamjua fulani, alikuwa na kovu hapa? Aliyeoa kwa fulani? Bado yuko hai? Wachezaji, wakiwa bado wanahema, walijibu walivyoweza: huyo namjua, ana trekta, huyo alihamia Tunduma, huyo, pole mama, mwaka wa mvua kubwa. Mtu aliyenijia mimi nilimwambia mimi Mfipa, simjui yeyote. Akasema lakini unaandika. Basi nikafungua daftari upande wa nyuma, nikaanza kuandika majina, na foleni ikajipanga yenyewe. Mtu analeta jina, mwaka wa kuondoka, rangi ya ng'ombe dume aliyekwenda naye, na namba ya simu ya kupigiwa. Wengine walitaka kunilipa. Mzee wa Magu, aliyetuletea chatu ile siku ya kwanza, alisimama kwenye foleni kama wengine, na alipofika akanitajia mdogo wake. Nilimuuliza chatu yuko wapi. Amelala, akasema, ameshiba, hana shida na mtu.

Fedha za kutunzwa zilitosha Coaster hadi Tabora, treni hadi nyumbani, na ngozi mpya ya ngoma kubwa iliyokuwa imeanza kulia vibaya. Kilichobaki kilizua mjadala, ambao nimeuandika kwenye kumbukumbu za kikao na hauhitaji kurudiwa hapa. Vijana wawili walitaka kununua chatu. Wakaelezwa habari za sheria ya wanyamapori, na kwamba anayekaa jirani na Hifadhi ya Katavi anapaswa kuwa wa mwisho kukamatwa na nyoka kwenye boksi.

Kwenye gari, tulipopita Tinde, ningi akasogea hadi kiti changu akaniomba nimsomee majina ya nyuma ya daftari, polepole. Nikasoma. Kijana wa Katumba akawa anagonga mgongo wa kiti cha mbele kwa vidole, akitafuta pigo la kuyabeba. Mengine yalikaa vizuri, mengine yalikuwa marefu mno, na mama wa jembe akapendekeza yakatwe, mtu aitwe kwa ng'ombe wake.

"Unayaweka yote?" nikamuuliza ningi. "Wimbo utachosha."

"Yote. Nitauimba Kakese kwanza, na Mishamo. Atakayesikia jina lake atakuja kwako kuchukua namba."

Nikamweleza kwamba kuna tatizo. Si wote wanaotafutwa kwa mapenzi; watano katika orodha ile waliondoka na mahari isiyolipwa, na mmoja na madume wawili wa kaka yake. Wakisikia majina yao hawatakuja, watahama.

Ningi akafikiri hadi tukaanza kuona taa za Nzega.

"Hao," akasema, "waweke mwanzo, kabla hawajapata nafasi ya kuondoka."